Mama, Ile Laini Ilikuwa Yangu

Uholanzi,
Jumapili mchana

Kwa Mama yangu,

Mulembe, Mama. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana nakujua, ukiwa umesimama utaisoma huku ukikoroga kitu jikoni. Goti lako linaendeleaje? Mdogo wangu Wafula aliniambia kwa simu kwamba sasa unalifunga kitambaa ukienda kazini, na kwamba ulimkataza asiniambie. Usimgombeze, nilimbana mwenyewe. Na nyanya yetu Kukhu, kile kikohozi chake kimeisha? Mvua ya kwanza imefika kwake Sirisia ama bado wanaangalia mlima tu? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, na sijaugua tangu mwezi wa kumi na mbili.

Utashangaa kwa nini nimeandika kwenye karatasi wakati simu iko. Ni kwa sababu ukipokea simu yangu unaiweka sauti kubwa ili jirani yetu Mama Halima asikie kwamba mtoto yuko ng'ambo. Naye anapaza sauti kutoka mlangoni kwake, "Mwambie atuletee hiyo theluji kwa chupa," mimi nacheka, halafu nasema niko sawa. Nimesema niko sawa mara nyingi mno. Barua hii nampa mwanafunzi wa Eldoret anayerudi nyumbani kwa likizo. Ataiacha ofisini katika shule ya Wafula. Nimeandika jina lako peke yake juu ya bahasha. Tafadhali usimpe Wafula akusomee. Isome mwenyewe polepole, kama unavyosoma Biblia.

Nianze na baridi, kwa sababu hiyo ni rahisi kusema. Baridi ya hapa si kama ile ya Kitale ya mwezi wa saba, ambayo ukiota moto jikoni inakutoka. Hii inaingia kwenye mifupa na kukaa. Miezi ya katikati ya baridi jua lilichomoza tukiwa darasani na kutua tukiwa darasani. Dirisha langu linaangalia ukuta wa matofali na baiskeli nyingi. Wanafunzi ninaokaa nao nyumba moja ni watu wazuri, lakini wanaongea haraka na kucheka kabla sijaelewa. Kwa hiyo mimi nacheka nikiwa nimechelewa, wananitazama, nami nanyamaza.

Hapa mwalimu anataka umkatize. Unainua mkono, unamwambia hujaelewa, hata unamwambia amekosea. Wewe unajua mimi nilisifiwa kwa kunyamaza. Mwalimu wangu wa Biolojia pale Bungoma aliandika katika barua ya kuniombea nafasi kwamba mimi ni msichana mtulivu, na nilijivunia neno hilo mpaka kwenye ndege. Muhula wa kwanza karatasi yangu ilirudi na alama nzuri, na chini yake mwalimu alikuwa ameandika, "Bado hatujaisikia sauti yako." Niliisoma ile sentensi mara nyingi. Nilifikiri ni utani wa kizungu. Sasa najua alikuwa ananionya.

Chuo kina nyumba za vioo za kukuzia mimea. Nje kuna barafu, ndani kuna joto kama la Bungoma saa saba mchana, na taa kubwa zinawaka juu ya mimea kutwa. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafanya kazi humo saa chache kwa wiki. Siku ya kwanza nilipofungua mlango, nilinusa udongo uliolowa maji. Miwani yangu ikajaa mvuke, nikasimama pale pale sioni kitu, nikalia kidogo. Nilifikiri hakuna aliyeniona.

Danuta aliniona. Danuta ni mama kutoka Polandi, wa umri wako au amekuzidi kidogo. Kazi yake ilikuwa kumwagilia maji, kuosha vyungu na kufagia. Hakujua Kiingereza kingi, na mimi sijui Kipolandi hata neno. Alinivua miwani, akaifuta kwa aproni yake, akanivisha tena. Akaninyooshea kidole kifuani.

"Wewe, nyumbani, nini? Shamba?"

"Mahindi," nikasema.

"Mimi, viazi," akasema, akajipiga kifua kama mtu anayetaja ukoo wake.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki. Alikuwa akiniletea supu nyekundu ndani ya chupa ya chai. Tulikunywa tumekaa juu ya magunia ya udongo, bila kuongea sana, na kunyamaza kwetu hakukuwa na aibu. Mama, katika nchi hii yote alikuwa mtu pekee ambaye sikumwogopa.

Katika nyumba ya tatu kulikuwa na mahindi. Yalikuwa ya Marijke, mwanafunzi anayesomea udaktari wa mimea, msichana mrefu anayekula mkate wake huku akitembea. Aliyapanda kwa ajili ya utafiti juu ya ule ugonjwa unaokausha majani mpaka hindi linabaki gunzi tupu. Mimi kazi yangu ilikuwa kupima urefu wa mimea na kuandika. Alikuwa ameipanda hivi: mstari mmoja, halafu mistari minne, halafu mmoja.

Wewe huhitaji kuelezwa, lakini naandika ili uone jinsi akili yangu ilivyokwenda. Kwetu, shamba la mbegu lina mistari ya dume na mistari ya jike. Dume mmoja, jike minne, dume mmoja. Mistari ya jike inang'olewa maua ya juu kabla hayajafunguka, ili mahindi yake yapate vumbi la dume peke yake. Ua moja likisahaulika likamwaga vumbi, mbegu imeharibika. Mkaguzi akiona mengi, anakataa kipande kizima. Mtu mwingine akiona mistari ya mahindi anaona mahindi. Mimi, mtoto wa nyapara wa leo na kibarua wa jana, naona kazi ambayo haijafanywa.

Hapa itabidi nikurudishe nyuma kidogo, na ndiyo maana sikutaka Wafula asome.

Unakumbuka nilipokuwa na miaka kumi, likizo ya mwezi wa nane? Hukuwa na mtu wa kuniachia pale nyumbani Matisi, Wafula ulimpeleka kwa Kukhu, mimi ukanichukua shambani. Watoto hawakuandikwa kazi. Kila mama alipewa laini zake za mahindi, na mwanzoni mwa laini kulikuwa na kigingi kilichoandikwa jina lake kwa rangi nyeupe. Siku ya tatu mgongo wako uliuma sana, ukanigawia laini mbili za kando ya mtaro. Uliniambia, "Ukiona ua, ng'oa. Usiulize mtu, usingoje mtu. Shika chini, vuta juu, tupa."

Nilikuwa na kitabu cha hadithi ndani ya sweta. Nilikuwa nimekiazima shuleni na kilitakiwa kurudi. Nilifanya laini ya kwanza mpaka nusu. Halafu niliketi chini katikati ya mahindi, mahali ambapo hakuna aliyeniona, nikasoma mpaka mwisho. Niliposikia mnaitana kwenda kula niliinuka, nikatembea laini zote mbili nikiangalia juu juu, nikakwambia nimemaliza. Ukasema, "Umenisaidia sana, mwanangu." Hayo maneno nayasikia mpaka leo.

Mkaguzi alikuja baada ya siku chache. Vumbi la njano lilikuwa limeshamwagika juu ya majani. Nyapara wa wakati ule aliinama akasoma kigingi.

"Mama Nekesa, si hii laini ni yako?"

"Ni yangu."

"Sasa hii ni nini, bana? Ulikuwa umelala?"

Nilikuwa nyuma yako nimeshika sketi yako. Wanawake wengine walikuwa wananiangalia mimi, siyo wewe. Ukasema, "Ni macho yangu. Siku hizi haioni vizuri."

"Basi peleka hiyo macho nyumbani ikapumzike," akasema, na watu wachache wakacheka kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaandika majina. Aliking'oa kigingi chako akakitupa mtaroni.

Mwezi huo huo tulifunga vitu vyetu tukaenda kwa Kukhu Sirisia, nikabadilisha shule, na wewe ukawa kibarua wa mashamba ya watu mpaka walipokuita tena miaka miwili baadaye. Tangu wakati huo, Mama, siwezi kupita ua kwenye laini ya jike. Hata kwenye shamba la mtu nisiyemjua, hata nikiwa na sare ya shule, naliona na mkono unaenda wenyewe. Nilipokuwa kidato cha tatu wasichana walinicheka, wakasema Nekesa anaibia watu mahindi ambayo hayajazaa.

Sasa rudi nami huku. Jumamosi moja ya mwezi wa pili mjukuu wa Danuta alikuwa anabatizwa mji mwingine. Msimamizi wa nyumba za vioo alikuwa amemnyima ruhusa. Kwenye mlango kuna karatasi ya zamu, na Jumamosi hiyo ilikuwa na jina lake.

"Wewe, maji, asubuhi tu," akaniambia. "Mimi, kanisa." Akaweka kidole mdomoni. Nilifurahi kuwa na kitu cha kumfanyia. Alinipa ufunguo wake.

Nilimwagilia nyumba ya kwanza na ya pili. Nilipofika ya tatu niliona ile mistari minne ya katikati imeanza kutoa maua. Yalikuwa bado yamefungwa na jani la mwisho, kile kipindi ambacho wewe unasema ndicho cha kung'olea. Nilijiambia Marijke amesahau. Ni Jumamosi, amelala, Jumatatu yatakuwa yamefunguka na kazi yake itakataliwa.

Namba yake ya simu ilikuwa imebandikwa ukutani. Nilisimama mbele yake. Nilitoa simu, nikaandika namba sita za mwanzo, nikajaribu sentensi yangu kwa Kiingereza kwa sauti ndogo. Sikuipenda, nikajaribu nyingine. Kumpigia mtu mkubwa simu siku ya mapumziko, bila kuona midomo yake, halafu nimsikie akisema "Nani?" Nikairudisha simu mfukoni. Mama, huo ndio ukweli wote. Niliona kung'oa ni rahisi kuliko kuuliza.

Nilishika chini, nikavuta juu. Unaujua ule mlio wake mdogo wa kuteleza. Nilimaliza mistari yote minne na hakuna jani hata moja lililochanika. Nilikusanya maua kwenye mfuko wa karatasi, nikauweka kwenye pipa la majani nje, upande wa nyuma. Nilirudi chumbani kwangu nikipita kwenye theluji, na kwa mara ya kwanza tangu nifike sikuhisi baridi. Nilifikiri, ile laini ya mwaka ule sasa nimeirekebisha. Nililala vizuri sana.

Jumatatu niliingia nikamkuta Marijke amesimama katikati ya mahindi. Alikuwa anagusa kila mmea kileleni, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu watoto. Hakuwa analia. Alikuwa anasema neno moja la Kiholanzi tena na tena.

Mahindi yale hayakuwa na dume wala jike. Mistari minne ya katikati ilikuwa aina moja ya zamani sana isiyoshikwa na ugonjwa ule, na ile miwili ya pembeni ilikuwa mahindi ya kawaida ya kulinganishia. Ile minne ilitakiwa ijizalie yenyewe, kwa vumbi lake yenyewe. Mbegu alizopewa zilikuwa chache na alizipanda zote. Bila maua ya juu hakuna vumbi, bila vumbi hakuna mbegu, na aina ile imeishia pale. Haya aliyasema mbele yetu sote, mimi nikiwa nimeshika kitabu changu cha vipimo.

Msimamizi alikwenda mlangoni akaangalia karatasi. Akarudi. "Jumamosi ni Danuta."

Danuta alikuwa ameshika ufagio. Aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, aliniangalia tu, na muda ulikuwa mrefu. Hakuweza kusema hakuwapo, maana alikuwa amekatazwa kuondoka. Mimi ningeweza kusema. Nilifungua mdomo. Nikatafuta sentensi, nikaona zote zina makosa.

"Samahani," Danuta akamwambia Marijke. Hilo neno la Kiingereza alilijua vizuri.

Hakukuwa na sketi ya kushika, Mama, lakini nilikuwa mahali pale pale nyuma.

Gari la takataka lilikuja Jumanne asubuhi. Danuta aliachishwa kazi, akaondoka Jumanne mchana. Chupa yake ya supu ilibaki kwenye rafu, juu ya vyungu. Kila nilipoingia niliiona.

Nilinyamaza siku tisa. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nikitafuta nafasi ya kusema. Nilikuwa natafuta njia ya kutosema. Nilijiambia Danuta atapata kazi nyingine, na mimi nafasi hii haiwezi kupatikana tena, watu walinisindikiza mpaka stendi, Kukhu aliniwekea mkono kichwani kanisa zima likiangalia. Nilijiambia hata nikisema, maua hayatarudi. Nilikuwa na hoja nzuri. Mimi ni mtu wa vitabu, sikukosa hoja. Nilienda darasani, tukafundishwa jinsi mimea inavyozaana, nikaandika kila kitu kwa mwandiko mzuri. Wewe ulipiga simu Ijumaa ile. Nilisema niko sawa.

Siku ya tisa msimamizi alikuwa anamwonyesha kazi kijana mpya aliyechukua nafasi ya Danuta. Nilikuwa nyuma ya mahindi nikipima yaliyobaki. Alimwambia, "Hapa unauliza kwanza. Usiwe kama yule mama wa viazi. Yeye akiona kitu anang'oa tu." Wote wawili wakacheka.

Nikasikia mtu akisema, "Ni mimi."

Walinigeukia. Ilikuwa sauti yangu. Nikasema tena, na safari hii niliendelea, Kiingereza changu kikiwa kimevunjika kila mahali: zamu ilikuwa yake lakini mimi ndiye niliyekuwa ndani, ufunguo alinipa yeye, mikono ni yangu. Msimamizi alikwenda kumwita Marijke.

Marijke aligeuza ndoo akaikalia. Nilimwambia habari za mashamba ya mbegu ya Kitale, dume na jike, jinsi tunavyofanya. Alisikiliza vizuri. Nadhani kama ningekuwa namwambia siku nyingine angefurahi kusikia. Halafu akauliza, "Maua uliyaweka wapi?"

"Pipa la nje. Ndani ya mfuko."

"Jumatatu yalikuwa bado pale?"

"Ndiyo."

"Nilitafuta mapipa ya ndani yote," akasema. "Ua lililokatwa ukiliweka kwenye maji, linaweza kutoa vumbi siku moja, mbili. Siyo yote. Lakini machache yangetosha kupata hata mbegu kumi." Alikuwa anaangalia sakafu. "Kung'oa ningekusamehe, Nekesa. Hukujua. Lakini Jumatatu ulijua."

Nilifunga kitabu changu cha vipimo, nikampa.

Waliniita kwenye kikao. Watu watatu, meza ndefu, maji ya kunywa ambayo hakuna aliyeyagusa. Nilisimulia kila kitu tangu mwanzo, hata ile namba ya simu niliyoiandika nusu. Ilinichukua karibu saa nzima. Sijawahi kuongea muda mrefu hivyo maishani mwangu, kwa lugha yoyote. Yule mwalimu aliyeandika kwamba hawajaisikia sauti yangu alikuwa mmoja wao. Hakutabasamu.

Chuo kilimwandikia Danuta arudi kazini. Hakujibu. Nilimwomba yule kijana mpya anitafutie alipo, na Jumamosi nikapanda treni na chupa yake ya supu, nimeiosha. Anapakia uyoga kwenye ghala lenye baridi, nje ya mji mwingine. Nilimngoja getini mpaka zamu yake ilipoisha. Theluji ilikuwa inaanguka na miwani yangu ilikuwa imelowa kabisa.

Nilimpa chupa. Nilisema nilichokuja kusema. Nilikuwa nimejifunza maneno kwa Kipolandi kutoka kwenye simu, nikayasema vibaya, lakini aliyaelewa.

"Nilijua, Jumatatu," akasema. "Nilingoja wewe. Siku moja. Siku mbili." Akainua mabega. "Halafu, basi."

Nikamwuliza kama atarudi kwenye nyumba za vioo. Akatikisa kichwa. "Hapa, baridi. Lakini hapa hakuna mtu ananicheka." Alisimama akinitazama usoni, akatazama miwani yangu, na kwa muda kidogo nilifikiri atanyoosha mkono. Alifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akaenda zake kituo cha basi. Nilifuta miwani kwa mkono wa koti langu mwenyewe.

Kwenye treni ya kurudi nilikufikiria wewe njia nzima. Siku ile tulipokuwa tunakwenda Sirisia na mizigo yetu, hukunigombeza, hukuniuliza chochote mpaka tulipokaribia kwa Kukhu. Ndipo ukasema, "Kile kitabu kilikuwa kizuri?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Sawa." Kwa miaka tisa nimejiambia kwamba uliuliza tu kwa sababu unajua napenda kusoma. Kumbe lilikuwa swali la mtu anayengoja. Danuta alingoja siku mbili akachoka. Wewe sijui ulichoka lini.

Basi nasema sasa. Zile laini mbili za kando ya mtaro nilikuwa nimekaa ndani yake nasoma. Nilikudanganya kwamba nimemaliza. Macho yako hayakuwa na kasoro yoyote. Nilikuona ukifukuzwa, nikashika sketi yako, na nikanyamaza.

Uamuzi wa chuo ulikuja Alhamisi. Wananiruhusu kumaliza mwaka huu na kufanya mitihani, lakini nyumba za vioo siruhusiwi kuingia tena, na ufadhili wangu unaishia hapo. Barua yao ni ya heshima. Inasema kosa la mkono halikuwa sababu. Inasema sababu ni siku tisa. Nimejaribu kukasirika nikashindwa, maana ingekuwa mimi ningeandika vivyo hivyo. Kwa hiyo mwezi wa saba nitakuwa nyumbani, bila cheti. Najua maana yake kwako. Najua Mama Halima atauliza, na watu wa kanisa la Kukhu watauliza, na utatakiwa kujibu. Tafadhali usiwaambie kwamba baridi ilinishinda. Usiwaambie kitu ambacho siyo. Wakikubana, wangoje nije, nitawaambia mwenyewe. Nitaona haya sana, lakini sauti ninayo.

Nimeanza pia kuinua mkono darasani. Wiki hii nimeinua mara mbili. Mara moja swali langu lilikuwa la kijinga na watu walicheka, na dari haikuanguka. Najua imekuja kwa kuchelewa.

Nisalimie Kukhu, umwambie nilivaa shati lake la sufu wakati wote wa kikao. Nisalimie ndugu yangu Wafula, nilimwona kwenye picha amerefuka, asidhani sijui anavaa viatu vyangu. Nisalimie shangazi, Senge wa Matulo, na watoto wake, na Mama Halima, mwambie theluji ikifika Matisi itakuwa maji tu. Mwalimu wangu wa Biolojia usimpelekee salamu bado. Yeye nitamwandikia barua yake.

Na sasa ombi langu moja. Nikifika, mahindi ya mbegu yatakuwa karibu kutoa maua, na wewe ndiye nyapara. Usinihurumie ukaniweka jikoni kupika uji wa vibarua. Nipe laini kama unavyompa mtu yeyote, zile za kando ya mtaro kama bado zinalimwa. Usiniweke chini ya jina lako. Chukua kigingi kipya, na rangi nyeupe, uandike Nekesa, herufi kubwa, mkaguzi aweze kusoma akiwa barabarani.

Ni mimi binti yako,
Nekesa